Wafu Wadogo Hawahesabiwi

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa saba, mpwa wangu alianguka kwenye mchakamchaka. Nilikuwa nimesimama uani kwa dada yangu, Mlandege, mjini Iringa, nikitia ufunguo saa yangu ya mkononi kabla ya kwenda kutafuta lori la kunirudisha Mafinga. Wimbo wa watoto wa shule ulipita nyuma ya nyumba pamoja na vishindo vya miguu peku kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kwa baridi, ukaendelea kuelekea shuleni. Nilitazama saa, nikaona wamechelewa kidogo kuliko jana yake, nikaendelea na mambo yangu.

Baadaye wasichana wawili wakubwa waliingia uani wakiwa wamembeba katikati yao, mikono yake imezunguka shingo zao, miguu inaburura. Walisema alianguka pale pale kwenye kona, wimbo ulipokuwa ukipita. Mwalimu wa zamu alidhani ni uvivu. Akamwamuru aruke kichura kwenye majani yenye umande, naye akaruka mpaka akashindwa hata kulia.

Alikuwa na miaka minane, darasa la pili.

“Mjomba, mfupa unauma.”

“Upi?”

“Yote.”

Dada yangu hakupiga kelele. Aliinjika maji motoni, akachovya khanga, akaikamua na kumfunga mtoto miguu. Mikono yake ilifanya kazi hiyo bila kufikiri, nikajua ameifanya mara nyingi. Mume wake, fundi baiskeli, alitoka ndani na mswaki mdomoni.

“Tena? Si juzi tu amechinjiwa mbuzi?”

“Mbuzi hakuikataza baridi,” dada yangu alijibu.

“Maneno unayo. Haya mambo yanatoka kwenu, nanyi ndio mnaojua yalianzia wapi.”

Alisema hivyo akinitazama mimi. Kwao shauri lilikuwa limekwisha kukatwa kwamba ugonjwa wa mtoto ni mkosi wa ujombani. Mjomba ni mimi, hakuna mwingine. Mbuzi aliyechinjwa nilimnunua mimi, nikaambiwa ni kwa ajili ya kuwapoza mababu zangu ambao hawakuwahi kuniambia kwamba wamekasirika.

Lazima nieleze tulivyo. Sisi ni watu wa kule chini, Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Baba alipanda Mbeya kutafuta kazi, akafia huko, na mama alibaki Mwanjelwa akiuza mchele. Mimi niliacha shule darasa la nne na kuingia kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, ambako kazi yangu ilikuwa kunoa misumeno. Yaliyobaki nilijifundisha kwa vitabu vya kuokoteza, pamoja na kamusi ambayo jalada lake nilikuwa nimelishona upya kwa uzi wa viatu. Shemeji yangu ni mtoto wa wafugaji walioshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakakaa bonde la Usangu. Kwetu ni joto na mbu, na kwao ni joto na mbu. Siku ile sikujua kwamba jambo hilo lina maana yoyote.

Nilimbeba mtoto mgongoni mpaka hospitali. Hatukulipa kitu, kwa kuwa siku hizo matibabu ya serikali yalikuwa bure. Kadi yake ilikuwa imejaa neno moja, malaria, kutoka juu hadi chini kwa miandiko mbalimbali. Mganga wa zamu siku hiyo alikuwa mama mmoja wa makamo, mgeni mjini. Hakuandika malaria. Alifunua kope za mtoto, akatazama njano iliyokuwa ndani, akambonyeza tumboni upande wa kushoto, kisha akamgeukia dada yangu.

“Huyu ni wa ngapi kuzaliwa?”

“Ndiye niliye naye.”

“Sikuulizi uliye naye, mama. Nakuuliza umezaa wangapi.”

Dada yangu akatazama sakafu. “Ndiye huyu,” akarudia.

Kwetu mtoto aliyekufa kabla ya kusimama vizuri kwa miguu yake hahesabiwi. Huzikwa na wanawake peke yao, nyuma ya migomba, bila matanga. Mama yake huambiwa asilie kwa sauti na asimtaje tena, ili tumbo lisije likafunga. Ukimwuliza mwanamke wa kwetu ana watoto wangapi, atakutajia walio hai, na kama hakuna aliye hai atakwambia hajajaliwa. Niliikuta desturi hiyo, na kwa miaka mingi niliiona ni huruma. Leo nasema waziwazi kwamba ni kitambaa cha kujifunga macho, na sisi wenyewe tunakifua na kukianika kila mara ili kisichakae.

“Watatu,” nilimwambia mganga. “Wawili wamekufa. Wa kwanza kabla ya kutembea, wa mwisho mwaka juzi.”

Dada yangu alinitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele ya foleni.

Mganga alimtoboa mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo chembamba, akalifunika kwa kioo kingine, akaziba kingo zote kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie. Alisema tusubiri hadi kesho yake. Sikurudi Mafinga. Nilimtumia msimamizi wangu salamu kwa dereva wa lori la mbao, naye alinijibu kwa dereva huyo huyo kwamba msumeno butu haujui kama mnoaji ana mpwa.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua.

“Wewe tena? Ni nani wake?”

“Mjomba.”

“Basi njoo uone mwenyewe, mjomba mdadisi, usije ukanimalizia asubuhi kwa maswali.”

Nikainamia darubini. Ilinichukua muda mpaka jicho langu likatulia. Chembe nyingine za damu zilikuwa duara, zimebonyea katikati kama vitumbua vilivyotua. Lakini nyingi zilikuwa zimejikunja, nyembamba, zenye ncha huku na huku. Sikuhitaji kuambiwa zinafanana na nini. Mbali na misumeno, nimewanolea watu miundu ya kuvunia ngano maisha yangu yote.

“Zikikosa hewa zinajikunja,” mganga alisema. “Zikijikunja zinaziba vijishipa vidogo. Panapoziba ndipo panapouma. Baridi inaleta hivyo, kukimbia kunaleta, kiu inaleta, malaria inaleta.”

“Nani amemwambukiza?”

“Hakuambukizwa. Amezaliwa nayo. Amepewa nusu na mama yake na nusu na baba yake. Mwenye nusu moja haumwi, tena malaria haimwui kirahisi, ndiyo maana kitu hiki kiko kwenye nchi za mbu. Huyu amezipata nusu zote mbili.”

“Na wale wawili?”

“Sikuwaona. Lakini ukiniambia viganja na nyayo zao zilivimba kabla hawajafa, nitakuambia nadhani nini.”

Mikono ya wa mwisho ilivimba. Niliiona. Ilikuwa kama mikate midogo. Tuliambiwa amerogwa na mtu aliyemshika mkono sokoni, na jirani mmoja mwenye duka la chumvi, tuliyemtaja kuwa ndiye, alikosa wateja kwa miezi kadhaa kwa ajili hiyo.

Mganga alitupa vidonge vya malaria vya kila wiki na vidonge vidogo vya njano vya kusaidia damu. Akamwamuru mtoto avae nguo za joto, anywe maji mengi, asikimbizwe. Akasema wazazi wote wawili waje wapimwe.

Nilirudi Mafinga nikatafuta maarifa. Nilikuwa na kitabu cha elimu ya viumbe, cha Kiingereza, nilichokinunua Mwanjelwa bila kurasa za mwisho. Nilikuwa nimekiruka kipengele cha urithi kwa sababu maneno yake yalikuwa magumu. Safari hii nilikisoma mstari kwa mstari na kamusi. Kinasema katika kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu mno uliojiviringa, unaoitwa DNA, na kwenye uzi huo yameandikwa maagizo ya kutengeneza mwili mzima, kwa herufi chache tu zinazorudiwarudiwa. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo, ya baba na ya mama. Ugonjwa wa mpwa wangu ni kosa la herufi moja.

Nilielewa kwa njia ya kazi yangu. Jino moja la msumeno likipinda, kila ubao unaopita hutoka na mkwaruzo ule ule, mahali pale pale. Ubao haukufanya kosa. Hakuna aliyeuloga. Unaweza kuchinja mbuzi wote wa Mufindi mbele ya mashine, na ubao unaofuata utatoka na mkwaruzo.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa shemeji, kwenye kibanda chake cha baiskeli. Alikuwa ameipindua baiskeli, anakaza nyaya za gurudumu.

“Tone moja la damu, shemeji.”

“La kutazamwa na wewe?”

“Na mganga.”

“Nikitoa, nimekubali.”

“Umekubali nini?”

“Kwamba ni mimi.” Alilizungusha gurudumu akalitazama linavyoyumba. “Halafu wewe una kiherehere cha kuhesabu watu wa wenzako. Kwenu wamezikwa wangapi? Kamwulize mama yako kwanza. Ukirudi na jibu, nami nitakupa kidole.”

Wateja wawili walicheka. Aliyekuwa ameshika pampu akasema, “Mjomba, toa kidole chako wewe, kimezoea misumeno!”

Kweli sikujua. Na kabla sijaondoka aliniambia jambo jingine, bila kunitazama. Baba yake alikuwa anakuja kutoka Usangu baada ya wiki mbili. Mtoto angechukuliwa kwenda kwa mganga wa huko, anayechanja viungo kwa wembe na kuitoa baridi kwa pembe la kuumikia. Dada yangu angerudishwa kwetu, na ng'ombe wa mahari nao wangerudi walikotoka. “Mwanamke anayezaa makaburi,” alisema, “mzee amechoka naye.”

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mikononi: wiki mbili, na mtoto ambaye damu yake haitoshi, anayesubiriwa na wembe.

Nilipanda basi kwenda Mwanjelwa. Mama alikuwa kibandani kwake, anapepeta mchele. Nilimwamkia, nikakaa, nikasubiri wateja waishe, nikauliza.

“Mama, ulizaa wangapi?”

“Wawili. Wewe umesahau kama una dada?”

“Nauliza wote.”

Ungo ukasimama. “Unahesabu makaburi, wewe?”

“Mjukuu wako anaumwa, mama. Nataka kujua kama kwetu —”

“Kwetu hakuna kitu! Toka hapa. Watu wananunua mchele, wewe unaniletea habari za migombani. Umesoma mpaka umeharibika.”

Nilimwambia kwamba watamchanja mtoto kwa wembe. Alisema Mungu ni mkubwa. Nilimwambia kwamba watamrudisha binti yake. Alisema binti mwenye adabu harudishwi. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mama yangu, wala sijaimaliza mpaka leo. Alilijua jibu. Lilikuwa neno moja tu, namba moja, na alilimeza mbele yangu kama kidonge.

Niliondoka na mahindi. Alinipa yeye mwenyewe, kwa kuwa mama hawezi kumwacha mtoto aende mikono mitupu hata akimfukuza. Mwaka wa njaa tulikuwa tumeletewa mahindi ya njano kutoka nje, na watu hawakuyapenda. Mama alikula mengine na mengine akayapanda karibu na mahindi yetu meupe. Mavuno yaliyofuata, mahindi meupe yalitoka na punje za njano. Akazipanda hizo punje za njano peke yake, na msimu huo mahindi yalitoka na mchanganyiko: punje za njano nyingi, na hapa na pale punje nyeupe kabisa, kama meno. “Mahindi ya madoa,” alilalamika, “hayauziki.” Nilikuwa kwenye basi, tumepita Chimala, nilipolitoa hindi moja kwenye mfuko na kulitazama vizuri. Weupe ulikuwa umejificha ndani ya njano kwa msimu mzima. Nje haukuonekana. Ulipokutana na weupe mwingine uliojificha, ukatoka.

Nikasema, hili hata mzee wa Usangu atalielewa.

Mzee alifika siku aliyosema. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na fimbo yake aliiweka magotini alipokaa. Kulikuwa na wazee wawili wa kwao wanaoishi Iringa walioalikwa kusikiliza, shemeji yangu, na mimi kwa upande wa mke. Dada yangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia na mtoto. Kwetu mke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hata njiani hujibanza kichakani mpaka apite. Dada yangu alilelewa hivyo, na tangu aolewe alikuwa hajawahi kuuona uso wa mzee yule. Chakula chake alikipika na kukipitisha kwa mtoto.

Nilieleza kwa utaratibu. Nilieleza darubini, nta ya mshumaa, chembe zilizojikunja. Nikatoa lile hindi, nikawaonyesha punje. Mzee alilichukua, akalizungusha, akang'oa punje moja nyeupe kwa ukucha.

“Mkwe,” alisema, “mimi silimi. Mimi nafuga.”

Wazee wake wakacheka.

“Basi hata mifugo, mzee —”

“Subiri. Unanifundisha kitu ninachokijua. Dume jeusi na jike jeusi huzaa ndama mwekundu. Si mara zote, mara moja moja. Mtoto mdogo wa kwetu anajua. Ukitazama utakuta kulikuwa na mwekundu kwa bibi wa jike na mwekundu kwa bibi wa dume. Rangi hailali usingizi wa kufa.”

Nilidhani kazi imekwisha.

“Basi mzee, ndama mwekundu akitoka, mnamfukuza jike?”

“Hapana. Jike anatoa maziwa.” Wazee wakacheka tena, na shemeji yangu naye. “Mambo ya ng'ombe ni ya ng'ombe, mkwe. Mtu si ng'ombe. Mtu ana ukoo, na ukoo una mkosi. Mtoto ataondoka nami kesho. Mama yake utamchukua wewe.”

Akalirudisha hindi mkononi mwangu. Alikuwa ameelewa kila neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu asiyeelewa, na sikuwa na maneno kwa mtu anayeelewa halafu anakataa. Nilianza kurudia habari ya chembe. Sauti yangu ilipanda. Mzee mmoja akasema, “Huyu naye sasa anatuhubiria.”

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

“Baba, nimezika wawili.”

Shemeji yangu alisema kwa ukali mdogo, “We mwanamke!”

“Nimezika wawili,” dada yangu alisema tena. “Wa kwanza alikuwa na meno mawili. Wa pili alikuwa ameanza kuniita. Niliambiwa nisiwataje, na sikuwataja. Sasa nakuuliza wewe, baba. Kwa mama yako walizikwa wangapi?”

Pazia likasogea, akatoka. Alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunga kwa khanga mbili kwa ajili ya baridi. Alisimama mbele ya mzee na kumtazama usoni. Macho yake hayakuinama. Mimi ndiye niliyeinama. Nilikuwa na kitabu na darubini na hindi, lakini swali hilo sikuwa nimethubutu kumwuliza mzee yule.

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

“Watano,” alisema. “Nilibaki mimi na dada yangu.”

“Waliumwa nini?”

“Mifupa. Walikuwa wanalia mifupa.” Alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni. “Wakilia hivi hivi anavyolia huyu.”

“Ulijua,” nilisema.

“Nilijua mifupa. Damu sikujua.”

“Uliposa kwetu. Mshenga wenu alikuja Mwanjelwa akauliza kama kwetu kuna ukoma, kama kuna kifafa, kama kuna wezi. Nasi tukauliza kwenu hayo hayo.”

“Mlituuliza habari za mifupa?”

“Hapana.”

“Basi tungewajibu nini?”

Hilo ndilo linaloniunguza hata leo, kwamba alisema kweli. Hatukuuliza. Walijua watoto wao wanakufa wakilia mifupa, na mama yangu, naamini, alijua wake nyuma ya migomba, na pande zote mbili zilikaa kwenye mkeka mmoja, zikala wali, zikahesabu ng'ombe mkia kwa mkia, na hakuna aliyehesabu watoto. Ng'ombe mmoja alikuwa na chongo, tukabishana juu yake kutwa nzima. Nakumbuka hata jicho lilikuwa lipi.

Mzee hakumchukua mtoto. Hakusema kwamba amekosea wala hakuomba chochote. Kesho yake asubuhi alimwambia mwanawe, “Nenda ukatoe hiyo damu,” akapanda lori la kwenda Chimala. Dada yangu alimtolea viazi vya njiani kwa mkono wake mwenyewe, naye akavipokea. Jumatatu mke na mume walipimwa. Damu zao zote mbili, zilipofungwa kwa nta, zilikuwa na chembe zilizojikunja, za mume nyingi kidogo, za mkewe chache kidogo, na wote wawili walikuwa hawajawahi kuumwa mfupa hata siku moja.

“Basi ni mimi,” shemeji alisema.

“Ni nyote,” mganga alimwambia. “Na si kosa lenu.”

“Mama mganga, unasema si kosa, lakini mimi ndiye ninayetembea nalo.”

Ningependa kuandika kwamba alibadilika. Alimnunulia mtoto sweta zuri la sufu, hilo nakiri, na soksi. Lakini alisema hatazaa tena na dada yangu, na mwaka uliofuata alioa mke wa pili huko huko Usangu. Nilimfuata kibandani.

“Umempima?”

“Shemeji, wewe na damu zako! Binti wa watu ningemtoboa kidole kabla sijamlipia mahari? Wangesema mimi mchawi.”

“Anatoka wapi?”

“Kwetu.”

Nililipiga teke gurudumu alilokuwa akilikaza. Halikuvunjika. Aliliokota, akaliangalia kama limeyumba, akaendelea na kazi.

Mama yangu alipopata habari ya kikao, hakuuliza mtoto anaendeleaje. Alishika kichwa kwa mikono miwili. “Amemtazama mkwewe usoni? Mbele za watu?” Nilimwambia ndiyo, na mtoto amepona wembe kwa sababu hiyo. Akasema bora hata angerudishwa. Kisha akachukua ungo, na huku akipepeta akasema, kama mtu anayezungumza na mchele: “Na mimi nilizika.” Sikumwuliza wangapi. Alikuwa amechelewa, nami nilikuwa na hasira kupita kiasi cha kuweza kuipokea namba yake. Sijaipata hadi leo.

Shuleni nilikwenda mwenyewe. Mwalimu yule wa zamu alikuwa kijana, mwenye suruali pana chini. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Mafinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mzee, hakuna aliyeniambia. Mama yake alipokuja kumwandikisha alisema mtoto hana tatizo.” Maneno yangu makali nikarudi nayo. Tangu siku hiyo, wakati wenzake wanakimbia, mpwa wangu alikaa jikoni kwa mpishi wa uji, amevaa sweta, na mchakamchaka ulipokwisha yeye ndiye aliyegonga kengele, ile ya rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini. Maumivu hayakuisha. Yalipungua, na yalipokuja tulijua tunakwenda wapi. Alimaliza darasa la saba, na wapo waliosema hataliona la nne.

Nilimketisha dada yangu mara moja anitajie kila kitu walichotoa kabla ya siku ile ya mchakamchaka: mbuzi, waganga, hirizi, nauli za kwenda kwa huyu na kwa yule, sindano za mitaani, na faini tuliyomlipa yule jirani wa duka la chumvi baada ya kumsingizia. Ng'ombe sikuwatia. Jumla ilizidi mishahara yangu ya miezi mitatu. Kipimo cha kioo na nta ya mshumaa, kilichotuambia ukweli wote kwa siku moja, kilikuwa bure, na kilikuwa bure miaka yote ile. Tulichopoteza kwa kutokuhesabu wafu wetu, ukiweka wafu wenyewe kando, ni shilingi elfu moja mia moja na arobaini.